Ukuta Ulipogeuka Kuwa Nguzo

Kabla ya kuvunja ukuta wa sebule ili upate duka, au kukata mbao za paa ili upate dari ya magunia, uliza kwanza: nani amebeba nini?

Nyumba ya udongo huanza na nguzo. Mashimo huchimbwa, miti husimikwa, fito hufungwa, paa hupandishwa. Kwa siku kadhaa nyumba husimama ikiwa mifupa mitupu, na upepo wa ziwa hupita katikati yake bila kubisha hodi. Udongo huja baadaye. Wengi waliokulia pande za Sindo, huku Suba Kusini kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, wamewahi kuukanyaga udongo huo kwa miguu au kuubeba kwa karai siku nyumba ya jirani inapokandikwa.

Mwenye nyumba ya namna hiyo akitaka dirisha jipya hasumbuki. Hutafuta nafasi baina ya nguzo mbili, akabomoa udongo, akakata fito, akapachika fremu. Paa halina habari. Mvua ikimega ukuta upande mmoja, familia huishi na tundu hilo mpaka ipate nafasi ya kukandika upya, na nyumba haiyumbi. Sababu ni kwamba ndani ya nyumba ile mna watumishi wawili: nguzo hubeba, udongo husitiri.

Nyumba nyingi zinazoinuka Sindo leo ni za matofali ya kuchoma, mawe na bloku za simiti, zenye mabati juu na plasta nje. Humo watumishi wawili wamekuwa mmoja. Ukuta unasitiri na ukuta huohuo unabeba. Hakuna mti uliofichwa ndani yake. Ukuta umegeuka kuwa nguzo. Badiliko hili limetukuta kwa kizazi kimoja au viwili tu, na mkono haukujifunza upesi kama macho: bado tunauendea ukuta wa tofali na sururu kama tulivyouendea ule wa udongo. Hiyo ndiyo hatari ninayotaka kuieleza, kwa sababu inazuilika kabisa.

Mzigo una njia yake

Tuseme kuna mama anayeuza omena na unga, mwenye nyumba ya vyumba vitatu kando ya barabara iendayo Mbita. Mji unakua, magari yanapita mlangoni pake, na anataka sebule iwe duka. Mlango wa futi 3 haumtoshi. Anataka uwazi wa futi 10 ili wateja waone bidhaa tangu barabarani. Fundi anakuja, anapima kwa hatua zake, anasema, "Mama, hii ni kazi ya siku mbili." Wanaelewana bei.

Kabla ya nyundo ya kwanza, ingewafaa wote wawili kufuata safari ya mzigo. Mabati hulala juu ya mbao ndogo. Mbao ndogo hulala juu ya kenchi, zile pembetatu za mbao zinazolipa paa umbo lake. Kenchi hukalia ubao uliolazwa juu ya ukuta. Chini ya ubao huo, pale palipojengwa vizuri, pana mshipi wa zege unaoizunguka nyumba nzima. Mshipi hukalia ukuta, ukuta hukalia msingi, msingi hukalia ardhi. Mzigo ni kama maji yanayoteremka kutoka milima ya Gwassi: utashuka upende usipende. Ukiziba njia moja, utatafuta nyingine, na huenda nyingine hiyo ikawa ndogo kuliko mzigo.

Je, utajuaje ukuta upi unabeba? Watu wengi huugonga kwa ngumi na kusikiliza mlio. Mlio hukwambia habari za plasta, basi. Njia ya kweli ni kupanda juu ya dari ukiwa na tochi. Tazama kenchi zinaelekea wapi: kuta zinazopokea ncha zake ndizo zinazobeba paa. Kisha tazama katikati. Kenchi iliyotengenezwa sawasawa huruka kutoka ukuta wa nje hadi ukuta wa nje bila kuomba msaada, lakini seremala mara nyingi, kwa kubana mbao, husimamisha kipande cha mti kutoka kwenye kenchi hadi juu ya ukuta wa ndani. Ukiona kipande hicho, ujue ukuta huo mwembamba ulioudhani ni wa kutenga vyumba tu umepewa kazi kimyakimya siku nyingi.

Hata ukuta usiobeba paa una kazi yake. Wavuvi wa Sindo wanaijua bila kufundishwa. Mashua ina mbao za kukalia zinazokatiza kutoka ubavu hadi ubavu. Hazizuii maji kuingia, lakini zing'oe zote uone kama mbavu zitastahimili wimbi la kwanza. Kuta za ndani zinazokutana na ukuta mrefu wa nje hufanya kazi hiyohiyo: huushika usilale. Ukiondoa ukuta wa ndani ili vyumba viwili viwe ukumbi mmoja, huenda paa lisishuke hata inchi moja, lakini umeuacha ukuta wa nje umesimama peke yake mbele ya upepo.

Uwazi wa futi 10

Turudi kwa mama na duka lake. Tofali huwa na ustadi wake: ukitoboa ukuta, matofali ya juu ya tundu huegemeana kama upinde na kuupeleka mzigo pembeni. Kinachobaki bila mtegemeo ni pembetatu tu ya matofali, ambayo kimo chake ni karibu nusu ya upana wa tundu. Juu ya mlango wa futi 3, pembetatu hiyo ina kimo cha futi moja na nusu, nayo hutoshea vizuri kwenye ukuta uliobaki juu. Kwa uwazi wa futi 10, pembetatu inahitaji futi 5. Nyumba ya kawaida ina futi 2 au 3 tu za ukuta kutoka juu ya mlango hadi kwenye paa. Upinde haupati nafasi ya kujipinda. Hivyo ukuta wote wa juu na paa lote linaloukalia hushuka moja kwa moja juu ya linta, yaani boriti inayolazwa juu ya uwazi.

Linta nayo ina hesabu isiyo na huruma. Ukiongeza upana maradufu na mzigo wa kila futi ukabaki uleule, nguvu ya kuipinda huongezeka mara 4, na kubonyea kwake huongezeka mara 16. Kutoka futi 3 hadi futi 10, nguvu ya kuipinda imepanda zaidi ya mara 11. Kwa hiyo fundi anayesema ataweka linta ile aliyoiweka kwenye milango yote, ila ndefu zaidi, hajasema kitu. Urefu ukiongezeka, kina lazima kiongezeke. Ubao wa inchi 6 kwa 2 unaonyesha jambo hili wazi: ukiusimamisha kwa ubavu wake, una nguvu mara 3 kuliko ukiulaza, na ugumu wa kutobonyea mara 9. Ni mti uleule, bei ileile.

Linta ya zege ina siri nyingine. Chukua mche wa sabuni ya kufulia uliokauka, uulaze juu ya vijiti viwili, kisha uubonyeze katikati. Ufa utaanzia chini. Upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa. Zege huvumilia kubanwa, lakini kuvutwa hulishinda mapema. Ndiyo maana nondo kuu za linta hukaa chini. Kwenye kibaraza kinachochomoza nje bila nguzo mbele yake, mambo hugeuka: panapovutwa ni juu, na nondo kuu lazima zikae juu. Idadi ya nondo inaweza kuwa sahihi kabisa na kibaraza bado kikaanguka, kwa kuwa tu ziliwekwa upande usio wake.

Ncha za linta zinahitaji mahali pa kukalia: angalau inchi 6 za ukuta kila upande, na zaidi pale uwazi ulipo mpana. Chini ya kila ncha afadhali pawe na kitako cha zege, kwa sababu mzigo uliokuwa umetandazwa kwenye futi 10 za ukuta sasa umekusanywa kwenye sehemu mbili ndogo, na tofali laini husagika. Kinachosahaulika kuliko vyote ni msingi. Nao ulikuwa umezoea mzigo uliotandazwa, sasa unachomwa sehemu mbili. Ardhi ikiwa ni ule udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka, ambao Bonde la Lambwe linajulikana nao, sehemu hizo mbili zitazama na kuinuka kila msimu, na nyufa za ngazi zitapanda kutoka pembe za duka.

Yote haya yana dawa. Kwanza mzigo ushikwe, ndipo ukuta ukatwe. Mashimo madogo hutobolewa juu ya mahali pa linta, boriti fupi hupitishwa kutoka upande hadi upande, na kila boriti husimamishwa juu ya nguzo za muda ndani na nje, zenye mbao imara chini yake zisididimie. Hapo ukuta huning'inia mikononi mwa nguzo hizo, nawe unaweza kukata chini yake. Linta ikishawekwa, nafasi iliyobaki juu yake hushindiliwa simiti mpaka pasibaki pengo, kisha husubiriwa. Zege hupimwa nguvu likiwa na siku 28, na siku za mwanzo linahitaji kumwagiwa maji. Kung'oa nguzo za muda siku ya tatu kwa sababu mwenye duka ana haraka ya kufungua ni kumtuma mtoto kazi ya mtu mzima.

Dari na magunia

Tamaa ya pili iko juu. Chini ya mabati mna nafasi, na mfanyabiashara akiitazama huona ghala. Anataka kuhifadhi mahindi, nyavu na mashine ya mashua. Lakini mbao za dari ziliwekwa zishike misumari ya ubao mwembamba wa dari, hazikuwekwa zibebe biashara.

Tupige hesabu. Sakafu ya kawaida ya nyumba ya kuishi husanifiwa kubeba karibu kilo 150 kwa kila mita mraba. Dari ya mita 3 kwa 3, kama ingesanifiwa kuwa sakafu, ingestahili kilo 1,350. Gunia la mahindi la Kenya lina kilo 90. Magunia 20 ni kilo 1,800. Umeshapita kiwango cha sakafu halisi, na hiyo yako haikuwa sakafu. Tangi la maji la lita 1,000 ni tani nzima ya maji kabla ya kuhesabu plastiki, nalo hukaa juu ya mita mraba moja au mbili tu.

Kibaya zaidi ni msumeno. Mtu anayetaka kusimama wima chini ya paa hukuta ubao wa chini wa kenchi umemkatiza njia, akaukata. Fikiria ngazi ya miguu miwili iliyofungwa kamba katikati. Ikate kamba, miguu huteleza huku na huku na aliye juu yuko chini. Ubao ule ndio kamba. Ukikatwa, paa hujaribu kujilaza, na miguu yake husukuma vichwa vya kuta kwenda nje. Haitokei siku hiyohiyo. Huanza kwa ufa mrefu wa ulalo juu ya dirisha, ufa ambao mwenye nyumba huupaka rangi Krismasi inapokaribia. Methali yetu ya ufa na ukuta ni ya kweli, ila tuielewe: kuziba ufa ni kukizuia kilichouleta. Plasta huuficha tu. Andika tarehe kwa penseli penye ncha za ufa. Ukiuona umeivuka alama hiyo mwezi ujao, nyumba bado inasogea.

Wako pia wanaotaka kuongeza ghorofa kamili. Kwao nasema jambo moja. Paa la mabati pamoja na mbao zake halifiki kilo 50 kwa mita mraba. Zege la unene wa sentimita 15 lina kilo 360 kwa mita hiyohiyo, kabla ya kuta, vitanda na watu. Msingi uliochimbwa kwa ajili ya lile la kwanza haukuahidi kubeba la pili.

Waliotangulia kulipa

Tarehe 29 Juni 1995, jengo la maduka la Sampoong mjini Seoul, Korea Kusini, liliporomoka na kuua watu 502. Lilikuwa jipya, la zege. Wakati wa ujenzi matumizi yake yalibadilishwa, ghorofa ya tano ikaongezwa, na sehemu za nguzo zikapunguzwa ili ngazi za umeme zipate nafasi. Mitambo mizito ya kupoza hewa iliwekwa juu ya paa, kisha ikaburutwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Nyufa zilionekana mapema. Hakuna hata kosa moja kati ya hayo ambalo halifanyiki kwa kipimo kidogo katika miji yetu.

Karibu zaidi na nyumbani, asubuhi ya tarehe 23 Septemba 2019, darasa la juu katika shule ya Precious Talent jijini Nairobi liliwaporomokea wanafunzi, na watoto wasiopungua 7 wakapoteza maisha. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, likaua watu kadhaa. Iliripotiwa kwamba kazi ya kupanua sehemu ya chini ilikuwa ikiendelea huku maduka ya juu yakiuza kama kawaida.

Na ng'ambo ya ziwa letu hilihili, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 liliitikisa Kagera. Zaidi ya watu 15 walifariki na mamia ya nyumba zikaanguka au kupasuka Bukoba na vijiji vyake. Mtikisiko huwa hauui kwa ardhi, huua kwa kuta. Katika matetemeko ya namna hiyo ukuta wa tofali usio na mshipi wa zege juu yake ndio hutangulia kufunguka pembeni. Anayekata mshipi huo ili kupandisha kichwa cha mlango ameufungua mkanda ulioishika nyumba yake.

Somo la Thimlich Ohinga

Hatuhitaji kwenda Seoul kujifunza busara. Kusini mwa Sindo, katika Kaunti ya Migori, ipo Thimlich Ohinga, makazi ya kuta za mawe ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Inaaminika kuta hizo zilijengwa katika karne ya 16. Zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa wastani wa mita moja. Hamna simiti wala udongo wa kugandisha. Mawe yamepangwa nyuso mbili, na katikati yamejazwa madogo yanayoshikana. Mahali ukuta ulipohitaji msaada, waliongeza mawe ya kuuegemeza.

Simama mbele ya lango lake. Ni dogo, la kuingia umeinama. Lilisaidia ulinzi, lakini tazama pia lililo juu yake: mawe marefu yaliyolazwa kutoka upande hadi upande. Jiwe halipendi kuvutwa, kama zege na kama mche wa sabuni. Wajenzi wale walilijua hilo, wakaacha urefu wa jiwe uamue upana wa lango. Mambo ni hayohayo Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako vyumba vya nyumba za kale ni virefu lakini vyembamba, visivyofika mita 3 kwa upana, kwa sababu boriti za mikoko zilikuwa na kikomo chao. Wazee wetu wa bara na wa pwani walianza na kibebaji, ndipo wakapata upana. Sisi tunaanza na upana tunaoutamani, halafu tunatafuta kibebaji kwa fedha iliyobaki.

Kabla ya nyundo

Sheria haiko kimya. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, ujenzi unahitaji kibali cha serikali ya kaunti, na badiliko kubwa kwenye jengo lililopo nalo linaingia humo. Kanuni ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2024 imechukua nafasi ya zile za 1968 zilizotungwa kwa nchi tofauti sana na hii. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi husajili wakandarasi, na Bodi ya Wahandisi husajili wahandisi. Najua mtu wa Sindo akisikia neno mhandisi huwaza gharama. Lakini ziara moja ya mhandisi aliyesajiliwa, ya kupanda darini, kupima ukuta na kuchora linta moja yenye nondo zake, ni sehemu ndogo ya bei ya duka. Nayo humlinda fundi pia, kwa kuwa fundi mwenye mchoro ana neno la kumwambia mteja mwenye haraka.

Simdharau fundi. Mafundi wetu ndio waliojenga mji huu, na wengi wana macho yanayoona kosa kabla ya kipimo. Mara nyingi kinachomponza fundi ni aibu ya kusema, "Mama, hapa sijui," mbele ya mtu anayelipa. Tumpe nafasi ya kulisema. Mwenye nyumba akianza yeye kwa kuuliza, "Fundi, ukuta huu umebeba nini?", ameufungua mlango huo kwa heshima, na hakuna aliyepungukiwa.

Lipo jambo moja zaidi, lisilogharimu hata shilingi. Katika nyumba ya udongo mtoto alizijua nguzo kwa macho. Alizishika akijifunza kutembea, na siku akirithi boma hakuhitaji kuambiwa zipi zinabeba. Katika nyumba ya tofali, plasta imezificha. Basi ukimaliza kujenga au kubadilisha, chora nyumba yako kwenye karatasi, hata kwa mkono usio na ustadi. Kuta zinazobeba zikoleze wino. Onyesha linta ilipo, nondo zake ngapi, msingi umekwenda chini futi ngapi. Iweke karatasi hiyo pamoja na hati ya shamba. Anayekuja baada yako, akishika sururu na ndoto yake ya duka, ataifungua na kuona ni wapi nguzo zimesimama.